Gololi hazinywi maji

Leo nina dukuduku.

Mjomba wangu analima karibu na Garsen. Msimu uliopita aliuziwa unga wa kushika maji udongoni. Ni jeli ile ile ya ndani ya nepi: minyororo ya polima iliyofungwa pamoja ili ivimbe bila kuyeyuka. Pakiti ilisema gramu 1 hunywa gramu 400 za maji. Akanipigia: "Wewe mtu wa kompyuta, nipigie hesabu. Nahitaji kilo ngapi?"

Nikaandika programu kwa mfano wa matufe magumu. Alder na Wainwright waliutumia kwenye kompyuta mwaka 1957: matufe kama gololi, hayavutani, hayasukumani mpaka yagusane. Basi. Hata hivyo ukiyabana vya kutosha yanajipanga yenyewe kama fuwele. Ukimimina gololi ovyo hujaza takriban asilimia 64 ya chombo. Ukizipanga vizuri kabisa, 74. Mimi napenda sana mifano mepesi namna hii.

Kila punje ya jeli nikaifanya tufe, ukubwa nikautoa kwenye pakiti. Jibu likatoka safi. Mjomba akanunua. Miche ikakauka.

Nilipokwenda tukatia kijiko kimoja kwenye maji ya mvua, kingine kwenye maji ya kisima chake. Ya mvua ilijaa glasi. Ya kisima ilivimba kidogo tu.

Sababu ni chumvi. Jeli huvuta maji kwa sababu ndani yake kuna ayoni nyingi kuliko nje. Maji ya nje yakiwa na chumvi, tofauti hiyo hupungua na mvuto nao hupungua. Kalsiamu ni mbaya zaidi, hukaza minyororo. Na huku kwetu chumvi si hadithi: chini zaidi, upande wa Ozi, bahari hupanda mtoni na kuharibu mashamba ya mpunga.

Kuna watakaosema matufe magumu ni upuuzi wa darasani. Sikubali. Mfano ulijibu nilichouliza. Kosa ni langu: nilichukua namba ya maji safi nikaipeleka kwenye kisima cha chumvi. Wauzaji nao waandike kipimo cha maji ya chumvi kwenye pakiti.

Wenzangu mnaotengeneza programu za wakulima, kabla ya mstari wa kwanza ombeni chupa ya maji ya kisima chao. Glasi mbili zingemwokolea mjomba msimu mzima.