Kabla Ununue Pedali, Nunua Waya

Wasee, kila wiki mtu ananitumia video ya "vifaa kumi lazima uwe navyo kama unapiga gitaa." Naangalia zote, mpaka mwisho. Na kila mara naona kitu kimoja: anayeongea ako kwa chumba kizuri, stima haipotei, na akikosa uzi leo, kesho asubuhi umeletwa mlangoni. Huyo msee hajawahi piga harusi Mutomo kwa jenereta ya kukodi. Hajawahi katikiwa na uzi Wote saa tatu usiku, na duka la gitaa analolijua liko Nairobi.

Sisemi anadanganya. Nasema orodha yake ni ya maisha yake. Sisi wa Kitui na Makueni tunahitaji yetu, na yetu inafaa kuanza na swali moja: ni kitu gani kikikosekana usiku wa shoo, itabidi niombe mtu?

Hilo swali si dogo hapa kwetu. Ukambani ni nchi ya solo. Benga ilianzia kwa Wajaluo, gitaa likifuata njia ya nyatiti, halafu ikafika huku ikapata mbio zake na ile ngoma ya mguu inayogonga bila kupumzika. Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers wakaisambaza Kenya nzima miaka ya 70 na 80. Leo Ken wa Maria, Katombi na Maima wakitajwa kwa bango, watu wanapanga fare mapema. Na ukiangalia vizuri, umati hauruki wakati wa maneno. Umati unaruka solo ikiingia.

Sasa niambie kwa nini huyo wa solo ndiye mara nyingi analipwa mwisho, tena kidogo. Mimi naona sababu moja kubwa: vyombo vina mwenyewe. Gitaa si lako, waya si wako, hata mkanda umeazima. Ukija na vidole peke yake, wewe ni kibarua, na kibarua hapangi bei. Ukija umekamilika, mnaongea. Ndiyo maana nasema hivi vitu vidogo si urembo. Ni mdomo wa kuongea bei.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Mvua ya Novemba ilikosa, mbaazi na ndengu zikakauka shambani, karo ikabaki hadithi. Tangu hapo nakula kwa gitaa na kwa hizi post, kwa hivyo kila mia mia natumia nimeifikiria. Hii hapa orodha yangu, kwa mpangilio ambao mimi ningenunua nikianza upya.

Ya kwanza, nyuzi za ziada. Seti nzima moja, na juu yake uzi wa kwanza, ule mwembamba, mbili tatu. Huo ndio hukatika sana. Kwa gitaa la umeme seti nyepesi huanza na uzi wa inchi 0.009 au 0.010, kwa gitaa la mbao 0.012 ni kawaida. Jua namba ya gitaa lako usiende dukani kusema "nipe tu za gitaa." Na beba kitambaa. Jasho na vumbi vinakula chuma, ukipangusa nyuzi kila ukimaliza zinakaa muda mrefu zaidi. Hicho kitambaa ni bure, ni tishati yako ya zamani.

Ya pili, waya wako mwenyewe. Huu ndio ubishi wangu mkubwa, ndiyo maana uko kwa kichwa. Gitaa likinyamaza katikati ya wimbo, mara nyingi si gitaa, ni waya, na mara nyingi umekufa palepale unapoingia kwa plagi. Chukua wa mita tatu mpaka sita. Ukirefuka sana, sauti inapoteza ule ukali wa juu, na benga bila ukali wa juu ni uji bila sukari. Nunua wenye plagi inayofunguka kwa skrubu, ile fundi wa redio wa soko lolote anaweza kufungua na kuchomelea tena. Zile zilizofungwa kwa plastiki zikikufa ni za kutupa.

Ya tatu, tyuna ya kubana kwa kichwa cha gitaa. Najua utaniambia uko na GuitarTuna kwa simu. Hata mimi niko nayo, nikiwa nyumbani. Lakini app inasikia kwa maiki ya simu, na kwa harusi maiki inasikia MC, watoto, na jenereta. Tyuna ya kubana inasikia mtikisiko wa mbao yenyewe. Mtu apige vigelegele kando yako, bado itakuambia ukweli.

Ya nne, kepo. Wazee wengine wanaicheka, wanasema ni ya wanafunzi. Wacha wacheke. Mwimbaji akiamka na sauti imepanda, unabana freti ya pili, ile mitindo yako ya G inakuwa A, vidole haviulizi maswali.

Ya tano, mkanda wa nguvu. Si lazima utoke nje. Huku kwetu kuna akina mama wanasuka vyondo vinauzwa mpaka ng'ambo. Peleka kipimo, omba usukiwe mkanda, fundi wa viatu ashone ngozi kwa ncha zote mbili. Halafu chukua zile pete za mpira za chupa za kufungua kwa waya, bana moja juu ya kila kifungo. Mkanda hautachomoka, na kwa jukwaa hakuna mwingine ako na kama wako.

Ya sita, tesa ya fundi wa stima, ile bisibisi yenye taa ndani. Hii huwezi ipata kwa orodha ya YouTube, na kwangu iko juu ya pedali zote duniani. Plagi zetu ni za pini tatu, na ile ndefu ya juu ndiyo ya kupeleka umeme ardhini. Ni mara ngapi umeona mtu ameichomoa, ama ameingiza kijiti kwa soketi ili plagi ya pini mbili iingie? Stima yetu ni volti 240. Umeshika nyuzi za chuma, mdomo unagusa maiki ya chuma, na ardhi hakuna. Kabla sijaimba, nagusisha tesa kwa maiki na kwa chuma cha amplifaya. Ikiwaka, sigusi kitu mpaka irekebishwe. Nimeshaambiwa naringa. Sawa, naringa nikiwa hai.

Ya saba, betri ya volti 9. Gitaa nyingi za mbao zenye umeme zinaitumia, na pedali pia. Siri ndogo: ukiacha waya umechomekwa, betri inaendelea kuliwa hata kama hupigi. Chomoa waya kila ukipumzika.

Ya nane, kisahani cha sabuni chenye mashimo na kipande cha sponji. Usicheke. Mbao ya gitaa inapenda unyevu wa kama asilimia 45 mpaka 55. Sasa fikiria Kitui mwezi wa tisa. Mbao inakauka, inajikunja, ncha za freti zinaanza kukukwaruza mkono, na gitaa la mbao halisi linaweza kupasuka uso. Lowesha sponji, ikamue kabisa isidondoshe, iweke kwa kisahani ndani ya begi ya gitaa, funga zipu. Na tafadhali usiliache gitaa ndani ya gari juani ama limeegemea mabati. Gundi inalegea, na hakuna sponji itakuokoa hapo.

Mbona sijataja pedali, intafesi, waya isiyo na waya? Kwa sababu hizo ni za awamu ya pili. Nikiongeza kitu kimoja cha anasa, ni lupa, ile inarekodi kipande na kukirudia. Benga ni mazungumzo ya gitaa mbili, na ukiwa peke yako Zombe ama Kathonzweni hakuna wa kukujibu. Unarekodi rithimu, unafanya mazoezi ya solo juu yake. Lakini hata hiyo, anza na app ya bure. Na kuiba mitindo ya wazee, YouTube inapunguza kasi mpaka nusu bila kushusha sauti. Mtu na earphone za mia mbili anaweza kaa na solo moja wiki nzima mpaka aielewe.

Kuna watakaosema wazee walianza na gitaa la debe na waya wa breki, na bado waliwika. Kweli, heshima yao. Lakini hawakuchagua debe wakiwa na la kuchagua. Shida si mtindo wa muziki. Tukiendelea kuisifu, tunawasaidia tu wenye vyombo kutulipa soda na chakula.

Na niwe mkweli kuhusu kazi yangu: sisi wa kontenti tunajua kufungua sanduku la pedali inayong'aa huvuta macho kuliko waya mweusi wa mita tatu. Kwa hivyo hesabu mwenyewe. Vitu vyangu vinane, nikivinunua kimoja kimoja mwaka mzima, havikufika 4,500. Pedali moja mpya ya jina kubwa hupita hapo mbali sana, na uzi wa kwanza ukikatika haiwezi kukusaidia.

Nunua waya mwezi huu. Mwezi ujao nyuzi. Halafu siku utaitwa kupiga, sema bei yako kabla hujasema ndiyo.

Wewe begi yako iko na nini? Niandikie hapo chini, hasa nyinyi wa Kibwezi na Mwingi, najua mko na ujanja wenu.