Mwanafunzi Kiwandani: Nani Amfundishe Asichokijua?

Kila mwaka, kuanzia mwezi Julai, maelfu ya wanafunzi wa vyuo vikuu nchini Tanzania huingia katika ofisi, viwanda, migodi, hospitali na halmashauri kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo, ambayo wao wenyewe huyaita "fildi". Kwa kawaida mafunzo haya huchukua wiki 8 hivi, na yana alama zake katika matokeo ya mwisho. Kijana huchukua barua ya utambulisho kutoka chuoni, akabisha hodi mlango kwa mlango, na hatimaye hupokelewa pale ambapo mjomba, jirani au muumini mwenzake amemwombea nafasi. Taaluma yake huangaliwa baadaye, kama itaangaliwa. Hivyo wengi hujikuta katika sekta ambayo hawakuwahi kuifikiria.

Wazazi wengi hulalamika juu ya jambo hili, lakini kwa maoni yangu kupelekwa mahali pageni si hasara. Hasara ni kufika mahali pageni na kukosa mtu wa kukufundisha.

Binti mmoja anayesomea uhasibu, mzaliwa wa kihamba cha migomba na kahawa katika miteremko ya Kilimanjaro, alipokelewa msimu uliopita katika kiwanda cha kukoboa kahawa mjini Moshi. Mtu angedhani kwamba amerudi nyumbani. Kumbe kahawa aliyoifahamu iliishia kwenye mizani ya chama cha ushirika cha msingi, pale baba yake anapopokea stakabadhi na kurudi kusubiri malipo. Yaliyotokea mbele ya hapo hakuyajua, na baba hakuyajua pia, ingawa familia hiyo imelima zao hilo kwa vizazi vitatu.

Wiki mbili za kwanza alipanga mafaili na kutoa nakala. Katika wiki ya tatu, mzee mmoja wa kitengo cha madaraja alimwuliza kama anajua kilo anazoziandika kwenye vitabu zinatoka wapi. Kuanzia hapo alitembezwa hatua kwa hatua. Aliona kahawa ikiingia ikiwa bado na ganda lake jembamba, ikipimwa unyevu, ikikobolewa, kisha ikipita katika machujio yanayotenganisha punje kwa ukubwa: AA, A, B, na zile za mviringo zinazoitwa PB. Aliingia katika chumba cha waonjaji, ambako kahawa huchomwa, husagwa, huloweshwa kwa maji ya moto na kuonjwa kwa kijiko kabla ya kwenda mnadani.

Zaidi ya yote, alijifunza kwamba kilo 100 za kahawa yenye ganda hutoa takribani kilo 80 tu za kahawa safi. Kwa miaka mingi baba yake na majirani waliamini kwamba kilo zinazopungua huibwa na watu wa chama. Wizi katika ushirika umewahi kutokea, wala hakuna mkulima anayehitaji kuhubiriwa kuhusu hilo. Lakini mkulima asiyejua ganda lina uzito gani hawezi kutofautisha upungufu wa halali na ule wa haramu. Huyo atamtuhumu karani mwadilifu, na mwizi mwenye lugha nzuri atampita bila kuonekana. Sasa binti huyu anaweza kusoma stakabadhi ya baba yake na kuuliza swali linalostahili. Hesabu hiyo haikuwamo katika mihadhara yake ya uhasibu.

Mahali pake panafaa kukumbukwa. Kahawa ya Kilimanjaro ina uhusiano wa karibu na wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika Kilema mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima wake walianza kujiunga pamoja mwaka 1925 kabla ya kuunda KNCU mwaka 1933. Watu walioweza kujenga ushirika mkubwa namna hiyo wanastahili watoto wanaojua zao lao linakwenda wapi.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Waraka wake *Laborem exercens* wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hupimwa kwanza kwa mtu anayeifanya, kabla ya kutazama aina ya kazi yenyewe. Kwa mantiki hiyo, kutoa nakala si tusi. Kila kazi ina sehemu yake isiyopendeza. Utu wa kijana hujeruhiwa pale anapotoa nakala kwa wiki 8 mfululizo na hakuna aliyemwona kuwa mtu awezaye kujifunza. Halafu siku ya mwisho daftari lake la kumbukumbu hutiwa sahihi zote kwa mkupuo mmoja na kalamu moja, na mhadhiri msimamizi, ambaye huenda alifika mara moja kwa nusu saa, huzipokea.

Kuna pia gharama. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huyahesabu mafunzo haya miongoni mwa mambo inayoyagharimia kwa wanufaika wake. Asiye mnufaika hujitegemea kwa nauli, chumba na chakula, na familia huuza mbuzi au kukopa katika kikoba ili mtoto akafanye kazi isiyo na malipo.

Na kuna jambo ambalo wasichana huliambia Kanisa faraghani kuliko hadharani: msimamizi anayedai mwili wa mwanafunzi ili ampe nafasi au amjazie fomu. Tendo hilo ni dhambi, na pia ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Mzazi anayemwambia binti yake avumilie kwa kuwa wiki zimebaki chache anampa mkosaji ulinzi asioustahili. TAKUKURU hupokea taarifa hizo, na mlezi wa TMCS chuoni anaweza kumsindikiza binti asiende peke yake.

Katika kila parokia wamo wahasibu, mafundi mitambo, wauguzi, mameneja na makarani wa vyama vya msingi. Wengi wao hupokea barua hizi za maombi na kuziweka chini ya rundo. Shule, hospitali na viwanda vya uchapaji vya Kanisa navyo hupokea wanafunzi, na haviwezi kudai kwa wengine kile ambavyo havikifanyi. Kinachotakiwa si kikubwa: mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa mwalimu wa mwanafunzi huyo, kazi moja halisi ambayo atawajibika kwayo, na saa moja kila Ijumaa ya kusikiliza maswali yake, hata yale yanayoonekana ya kijinga. Mzee yule wa kitengo cha madaraja hakuwa na cheo cha ukufunzi wala posho yake. Anastaafu mwakani, na hadi sasa kiwanda hakijamteua mtu wa kukaa karibu naye.