Filamu za Likizo ya Desemba 2024: Ipi Yastahili Nauli?



Shule zimefungwa, na kama ilivyo ada ya ukurasa huu kila mwisho wa mwaka, tunazitazama picha zilizomo na zinazokaribia kuingia katika majumba ya sinema: za kuchekesha, za familia, na zile za maajabu ya sayansi ambazo watoto wetu wanazipenda kuliko zote. Safari hii tunaandika huku barua ya msomaji wetu mmoja iko mezani. Imetoka Sigalagala, kituo kilicho kando ya barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Kisumu, mahali panapojulikana zaidi kwa chuo chake cha kitaifa cha ufundi. Dada yetu huyu ni mzaliwa wa Mombasa. Mumewe alihamishiwa huko kikazi. Waislamu si wageni upande ule, kwani Mumias ilipokea misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu tangu karne ya 19, na Nabongo Mumia mwenyewe alisilimu. Hata hivyo, hapo alipo yeye majirani wa dini yake ni wa kuhesabika.

Anauliza mambo mawili. Katika filamu za mwezi huu, ni ipi inayostahili nauli ya matatu ya watu wanne hadi mjini Kisumu pamoja na tiketi zao? Na la pili, afanyeje na kibanda cha video kilicho karibu na soko, ambapo mwanawe wa miaka 12 amezoea kupitia jioni? Alimkataza. Marufuku, anasema, ilidumu siku tatu.

Tuanze na swali la nauli.

Filamu tunayoipenda kuliko zote mwaka huu ni The Wild Robot, iliyotoka mwezi Septemba. Imeongozwa na Chris Sanders kutokana na kitabu cha Peter Brown, na sauti ya mhusika mkuu ni ya Lupita Nyong'o, ambaye babake ndiye gavana wa Kisumu; kwa hiyo dada yetu atakuwa anakwenda kumsikiliza jirani. Roboti aitwaye Roz anatupwa na dhoruba katika kisiwa kisicho na mtu. Ameundwa ili ahudumu: kila amwonaye humwuliza kazi gani aifanye, na wanyama wote wanamkimbia. Kwa ajali anaangukia kiota cha bata bukini, na linalosalia ni yai moja. Yai linaanguliwa, na kinda linamfuata yeye kana kwamba ndiye mama.

Hapo ndipo filamu inapoacha kuwa katuni ya roboti ikawa habari ya malezi. Roz anapewa orodha ya mambo matatu: kinda ajue kula, ajue kuogelea, na ajue kuruka kabla ya majira ya baridi, wenzake watakapohama. Anaifuata orodha kama afuatavyo amri nyingine yoyote, kisha anagundua kwamba kulea hakukuwamo katika programu yake. Akina mama waliokwisha kulea kifungua mimba watacheka hapa, na huenda wakajipangusa machozi kabla kicheko hakijakwisha. Anamlea mtoto ili amwache aende zake, na kinda anapokuja kujua namna alivyopata kuwa yatima, filamu haimfichi mtazamaji uchungu wake. Kwa hilo tunaiheshimu.

Tahadhari ni chache. Wanyama wanakula wanyama, na kifo kinatajwa waziwazi, mara nyingine kwa mzaha. Mtoto wa miaka minne au mitano anaweza kuogopa dhoruba ya mwanzo na mapambano ya mwisho. Hakuna mapenzi ya kuonea haya wala mavazi ya kufumba macho. Urefu wake ni dakika 102. Ikiwa bado ipo katika jumba la huko, dada yetu asiipite.

Ya pili ni Mufasa: The Lion King, iliyopangiwa kutoka tarehe 20 Desemba, chini ya uongozi wa Barry Jenkins. Hii hatujaiona, tunasema kwa kadiri ya vionjo na maelezo yaliyotolewa. Ni kisa cha ujana wa babake Simba. Mufasa, simba mdogo asiye na ukoo, anachukuliwa na mafuriko hadi mbali na wazazi wake. Anaokotwa na Taka, mwana wa mfalme, na wanakua kama ndugu. Taka huyo ndiye atakayekuja kuitwa Scar, yule aliyemuua nduguye katika filamu ya kwanza ya mwaka 1994. Kwa hiyo tunajua mwisho kabla ya mwanzo, na linalobaki ni swali la namna husuda inavyoingia baina ya ndugu wawili waliokuwa wakipendana. Nyumba iliyokwisha kusoma Surat Yusuf pamoja na watoto ina mahali pa kuanzia mazungumzo njiani wakati wa kurudi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna raha yetu ya pekee katika filamu hizi, nayo ni majina. Rafiki ni rafiki na Simba ni simba, hayo kila mtu anayajua. Sarabi, mamake Simba, ni yale mazigazi ya jangwani ambayo Surat An-Nur imeyapigia mfano. Nchi ya ahadi wanayoitafuta safari hii inaitwa Milele. Lakini mtoto wa mfalme kuitwa Taka! Yeyote aliyewashauri watengenezaji hakupita uani asubuhi, wakati wa kufagia. Watoto wetu watacheka pale ambapo watoto wa Marekani hawatacheka, na hiyo ni haki yao.

Moana 2 imeingia majumbani tangu tarehe 27 Novemba, na hapa inatubidi tuseme wazi zaidi. Kwa macho inapendeza mno: bahari, ngarawa na matanga, na mabaharia wanaosoma nyota, mambo ambayo mtoto wa Lamu au Pemba atayatambua upesi kuliko mtoto wa Chicago. Moana anaondoka kwao kutafuta kisiwa cha Motufetu ili watu wa bahari waliotawanyika wakutane tena, na mdogo wake wa kike anamlilia asiende. Mzee mkulima aliyepakiwa chomboni bila ya kupenda ndiye aliyetuchekesha zaidi. Lakini kisa chote kimejengwa juu ya imani za Polinesia kama zilivyopambwa na Disney: kuna mungu wa dhoruba, kuna Maui ambaye ni nusu mungu, na mababu waliokufa wanarudi kutoa mwongozo, bibi yake Moana akija kwa sura ya samaki taa. Jambo hili halikai pembeni mwa kisa ili mzazi aliruke, kwa maana ndilo linaloisukuma safari yenyewe hadi kilele chake.

Wako wazazi watakaoiacha kwa sababu hiyo, na hatuna la kuwalaumu. Wako watakaoipeleka familia kisha wazungumze. Ushauri wetu ni kwamba mtoto aliyekwisha kuifahamu Tawhidi kwa maneno yake mwenyewe, tuseme miaka tisa au kumi na kuendelea, anaweza kuitazama kama anavyosoma shuleni habari za Wagiriki wa kale na miungu yao. Mdogo zaidi ya hapo, bora asubiri. Bahari haimkimbii.

Sonic the Hedgehog 3 nayo inatoka tarehe hiyo hiyo 20 Desemba. Ni vichekesho, mbio na mapigano ya viumbe wa rangi rangi. Jim Carrey anaigiza watu wawili, babu na mjukuu, na kazi yake hiyo pekee inatosha kuwavuta wanaompenda. Wavulana wataitaka. Ina makelele mengi, haina madhara makubwa tunayoyajua, na haistahili nauli kutoka Sigalagala.

Neno moja juu ya alama za ruhusa. Kwa sheria yetu, filamu yoyote ya kuonyeshwa hadharani hupitishwa kwanza na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, yaani KFCB, nayo huipa moja ya alama nne: GE ni ya watu wote, PG ni kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18 kwa umri. Alama hizi zina faida, na mzazi azitafute kwenye bango kabla ya kulipa. Zisichukuliwe tu kuwa ndizo fatwa. Bodi inapima matusi, damu na utupu; haimpimii mtu itikadi ya mwanawe. Filamu yenye miungu kumi inaweza kupata GE bila ya tatizo lolote.

Kuhusu wakati, kwa anayesafiri tungependekeza onyesho la saa saba mchana au karibu na hapo. Adhuhuri inakuwa imekwisha kuswaliwa, filamu ya saa mbili inamalizika kabla ya Alasiri kusonga, na familia inakuwa barabarani kurudi kabla ya giza. Maonyesho ya saa kumi na moja na kuendelea humeza Magharibi, hata huko magharibi mwa nchi ambako jua huchelewa kidogo kutua kuliko Mombasa.

Sasa kibanda. Hatukitazami kwa dharau, kwani sinema za Kiswahili za watu wengi wa nchi hii zimekuwa ni hizo: chumba kimoja, mabenchi, televisheni, na sauti ya msimulizi kama DJ Afro akiigeuza picha ya Kichina au ya Kihindi kuwa masihara ya Kiswahili cha mtaani. Usimulizi huo una ustadi wake, na kijana wa miaka 12 anauendea kwa sababu unamfurahisha. Tatizo ni kwamba mlangoni hakuna anayeuliza umri, wala hakuna ajuaye ipi itafuata baada ya hii. Marufuku ya siku tatu ilivunjika kwa sababu nyumbani hapakuwa na kitu cha kushindana nayo.

Mabibi zetu walilijua hili. Katika Zanzibar ya miaka ya 1950 na 1960, majumba ya sinema yaliweka maonyesho ya zanana, ya wanawake peke yao, na mabuibui yalijaa ukumbi mzima kutazama filamu za Kihindi, watoto wakiwa mapajani. Waliokuwa wakiona haya kukaa baina ya wanaume hawakusema sinema basi. Walipata saa yao. Kwa dada yetu wa Sigalagala, saa hiyo inaweza kuwa Jumamosi mchana sebuleni kwake, pamoja na mama mmoja au wawili wa jirani na watoto wao. Hayo yakiwa nyumbani ni mambo ya nyumbani. Ikiwa atakodi ukumbi na kualika watu, ajue kwamba onyesho la hadharani lahitaji leseni ya Bodi na idhini ya mwenye filamu. Na zile nakala zilizorekodiwa kwa simu ndani ya jumba la sinema asizinunue: picha yake ni mbovu na mali ni ya wizi.

Kwa mkutano kama huo tunamtajia filamu mbili za Kenya, zote si mpya. Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, inamhusu Jo, msichana wa miaka tisa mwenye maradhi yasiyopona, ambaye ndoto yake ni kuwa shujaa wa sinema. Kijiji kizima kinakula njama ili aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Inachekesha kwa muda mrefu kuliko mtu anavyotarajia, kisha inakuja pale inapokwenda. Mtoto atauliza juu ya ajali na kwa nini mdogo afe. Mzazi aketi karibu.

Nyingine ni Pumzi ya Wanuri Kahiu, ya mwaka 2009, ambayo haifiki nusu saa. Ni bunilizi ya kisayansi iliyobuniwa hapa hapa kwetu. Miaka 35 baada ya vita vya kugombea maji, ardhi ya juu imekufa, na watu wa jamii iitwayo Maitu, neno la Kikikuyu lenye maana ya mama, wanaishi wamejifungia, kila tone la jasho likisafishwa na kunywewa tena. Asha, mhifadhi wa makumbusho, anapokea udongo wenye uhai, anautia mbegu, na mbegu inaota. Anaomba ruhusa ya kutoka nje kwenda kuupanda mche, ananyimwa. Maneno ni machache sana, hata asiyejua Kiingereza ataifuata. Na tunamtamania dada yetu jambo moja ambalo sisi wa Mombasa hatuna: akishaizima, anaweza kuwachukua watoto kwa matatu hadi msitu wa Kakamega, salio la msitu ule mkubwa wa mvua uliokuwa umeenea kutoka Kongo, wakauone mti wenyewe.

Kwa hiyo jibu letu, dada yetu: The Wild Robot kwanza, kama ipo. Ikiwa imekwisha kuondoka, ingoje Mufasa wiki ya mwisho ya mwezi, na mwanao wa miaka 12 mpe kazi ya kuwasimulia wadogo zake kwa Kiswahili pale wasipofahamu. Huenda kibanda kimemfundisha ufundi utakaowafaa.

Wabillahi tawfiq.