Makro Ziipishe Enumu

Wenzangu wanaopenda kompyuta hawaishi kubishana: je, namba zisizobadilika ndani ya kerneli ziandikwe kwa makro au kwa enumu? Wapo wanaosema eti huo ni urembo tu. Mimi nasema sivyo!

Kwa msomaji asiyeijua, kerneli ni moyo wa mfumo endeshi. Ndiyo inayogawa kumbukumbu, kupanga zamu za programu na kuamrisha vifaa. Simu za Android zilizojaa hapa Kenya hutumia kerneli ya Linux, ambayo Linus Torvalds alianza kuitunga mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki, Finland. Programu ya kawaida ikikosea huanguka peke yake. Kerneli ikikosea, mashine nzima yaweza kuzimika. Basi kosa dogo humo si dogo.

Kerneli imejaa namba zenye maana. Katika mawasiliano ya intaneti, kwa mfano, 6 ni TCP na 17 ni UDP. Nani atazikariri zote? Ndiyo maana namba hupewa majina, na lugha ya C ina njia mbili za kufanya hivyo. Makro ni kama mtu anayeipitia insha yako kabla ya mwalimu kuisoma, akifuta kila jina na kuandika namba mahali pake. Mwalimu, yaani kompaila, halioni jina lenyewe. Enumu nayo ni orodha ya majina ya jamaa moja, na kompaila huisoma na kuyajua majina yote.

Hebu tazameni tofauti. Tuseme mtu ameandika makro iitwayo JUMLA kuwa 2 + 3, bila mabano. Mahali pengine akaandika JUMLA mara 2. Tunatarajia 10, sivyo? Wapi! Makro hubandika maandishi tu, hesabu ikawa 2 + 3 × 2, na hata wa Kidato cha Kwanza anajua jibu ni 8. Enumu ingetoa 10, maana thamani yake hukokotolewa kwanza.

Pili, chukua kifaa chenye hali tatu: kimelala, kimeamka, kimeharibika. Ukiongeza ya nne kisha usahau kuishughulikia mahali fulani, kompaila ya GCC iliyowashiwa maonyo yaweza kukuambia, "Bwana, umeacha moja!" Ukitumia makro inanyamaza jii.

Tatu, kuna kazi ya kusaka kasoro. Enumu ikitumiwa, programu kama GDB hukuonyesha jina la hali. Makro ikitumiwa, kwa kawaida waona namba tupu, nawe uanze kupekua faili usiku kucha. Mwaka 2020 watunzi wa Linux waligeuza makro nyingi za BPF, sehemu inayoruhusu programu ndogo kuendeshwa ndani ya kerneli, zikawa enumu. Sababu? Majina ya enumu hubaki katika maelezo ambayo kompaila huacha nyuma, ilhali ya makro hupotea. Huo nao ni urembo?

Wapinzani wangu hunijibu kwamba mwacha mila ni mtumwa. Kweli, kitabu cha Kernighan na Ritchie cha mwaka 1978 hakikuwa na enumu, kwa hivyo wazee wa Unix walizoea makro. Lakini kiwango cha ANSI cha mwaka 1989 kilikuwa nayo tayari, miaka miwili kabla ya Linux kuzaliwa. Mila hiyo basi si kisingizio.

Hata hivyo, sitaki kuipamba enumu kupita kiasi. C ni lugha pole: ukiipa enumu namba isiyo katika orodha, mara nyingi itapokea tu. Tena, masharti yanayopimwa kabla ya kompaila kuanza kazi hayaioni enumu. Ndiyo sababu katika faili ya Linux yenye zile namba za TCP na UDP, kila jina limo katika enumu na pia limetajwa kama makro. Kuna na suala la ukubwa: kwa miaka mingi kiwango cha C kilitaka kila thamani itoshe katika namba nzima ya kawaida. C23, kilichochapishwa mwaka 2024, ndicho kilicholegeza sharti hilo.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Namba zilizo jamaa moja ziwe enumu. Hata mwongozo wa uandishi wa Linux wapendelea hivyo. Namba iliyo pweke, au inayohitajika katika masharti yale ya mwanzo, ibaki makro. Wala tusigeuze maelfu ya mistari kwa siku moja, maana wakaguzi watachoka na kosa jipya litapita katikati yao. Anayefungua faili kurekebisha jambo, na ageuze zilizo mbele yake. Tukizoea hivyo katika programu zetu ndogo hapa shuleni, kesho hatutafunzwa upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wasalaam.
Mwanachama, Kidato cha Nne