Nyama Tupu na Ugali Mtupu

Asubuhi moja ya kiangazi mzee mmoja aliletwa kwenye zahanati yetu kwa pikipiki. Mwanawe alimshika kwa nyuma asianguke. Mzee alitokwa jasho jingi. Mikono ilitetemeka, na maneno yake hayakueleweka. Watu waliokuwa kwenye foleni walisema ni malaria imempanda kichwani. Wengine walisema amelewa.

Mzee huyu ni mgonjwa wa kisukari. Nilimpima damu kidoleni. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Kwa bahati aliweza kumeza. Nilimpa maji yenye sukari nyingi, kidogo kidogo, mpaka akaanza kutambua watu. Kisha tulimpeleka hospitali ya wilaya. Vidonge alivyokuwa anatumia hukaa mwilini muda mrefu, na sukari huweza kushuka tena.

Nilimwuliza mama, mke wake, mzee alikula nini. Alinijibu, "Daktari mwanangu, siku nne hizi hagusi ugali, hagusi viazi, hanywi hata uji. Anakula nyama tupu. Vidonge vyake anameza kama kawaida. Na wewe ndiye uliyemwambia wanga si mzuri."

Maneno hayo yalinichoma. Ni kweli nilimwambia apunguze wanga. Lakini sikumwonyesha apunguze kiasi gani. Wala sikumwambia kwamba akibadili chakula, lazima vidonge navyo viangaliwe. Baadaye kijana mmoja aliyetoka mjini alimweleza kwamba siku hizi wako watu wanaokula nyama peke yake, na kwamba kisukari chao kimekwisha. Mzee aliunganisha maneno ya kijana na maneno yangu. Akachinja mbuzi.

Kwa hiyo leo nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo hili la kula nyama tupu.

JE, MTU ANAWEZA KUISHI KWA NYAMA TUPU?

Tuseme kweli. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuishi hivyo kwa muda. Mwili ukikosa wanga, huanza kuchoma mafuta ili upate nguvu. Ini nalo hutengeneza sukari kidogo kutokana na nyama. Siku za kwanza mtu huumwa kichwa, huchoka, na pumzi yake hunuka.

Jambo hili limewahi kujaribiwa. Mwaka 1928, huko New York, Marekani, watu wawili waliingia katika hospitali ya Bellevue ili wachunguzwe wakila nyama tu. Mmoja alikuwa msafiri aitwaye Vilhjalmur Stefansson. Alikuwa ameishi na watu wa nchi za barafu, ambao walikula samaki na nyama kwa sababu mazao hayaoti kule. Watu hao wawili walikula hivyo mwaka mzima, na hawakufa. Lakini tukumbuke mambo mawili. Kwanza, waliotoa fedha za kazi hiyo walikuwa chama cha wafanyabiashara ya nyama. Pili, mwanzoni Stefansson alipewa nyama isiyo na mafuta. Baada ya siku chache aliharisha na kuugua. Alipopewa nyama yenye mafuta ndipo alipopata nafuu.

Sasa tuwatazame mbuzi wetu wakati wa kiangazi. Mafuta yako wapi? Kilo moja ya nyama ya mbuzi isiyo na mafuta haifikishi nusu ya nguvu anayohitaji mkulima kwa siku moja. Kilo moja ya unga wa mahindi ina nguvu mara tatu ya hiyo. Mtu wa kijijini akisema ataishi kwa nyama tupu, atamaliza zizi lake, na jembe litamshinda.

MBONA WAMASAI WANAKULA NYAMA TUPU?

Swali hili huulizwa sana. Zahanati yetu iko katika nyanda za Umasaini, na mimi si mzaliwa wa huko. Wazee wa huko wamenifundisha mengi.

Chakula kikubwa cha Wamasai wa zamani kilikuwa maziwa. Maziwa yana sukari yake ndani. Ng'ombe hakuchinjwa kila siku, maana ng'ombe ni mali. Nyama tupu huliwa orpul. Orpul ni kambi ya porini ambako morani huenda kula nyama kwa siku kadhaa au majuma kadhaa. Hata huko, nyama huliwa pamoja na supu iliyotiwa magome na mizizi ya dawa. Siku zikiisha, hurudi nyumbani. Na siku hizi ugali unapikwa katika boma nyingi.

Katika miaka ya 1960 daktari wa Marekani aitwaye George Mann na wenzake waliwapima Wamasai wa nchi yetu. Waliona ugonjwa wa moyo ni mchache sana. Mwaka 1972 walieleza walivyochunguza mioyo ya wanaume 50 waliokufa. Mishipa ilikuwa na mafuta, lakini ilikuwa mipana, na damu iliweza kupita. Walidhani sababu ni mwendo mrefu wa kuchunga mifugo. Basi mtu asiige sahani ya mchungaji akasahau miguu yake.

MADHARA YA NYAMA TUPU

Mtu anayekula nyama peke yake kwa muda mrefu anaweza kupata matatizo haya:

1. Choo kigumu. Nyama haina makapi. Makapi hutoka kwenye mboga, matunda na nafaka.

2. Kiseyeye. Ni ugonjwa wa fizi kuvimba na kutoka damu. Huletwa na upungufu wa vitamini C. Nyama ina vitamini hiyo kidogo sana, na ikichemshwa muda mrefu hupungua zaidi.

3. Jongo. Ni maumivu makali ya viungo, hasa kidole gumba cha mguu.

4. Mzigo kwa figo zilizokwisha kuugua. Wagonjwa wa kisukari wengi wana figo dhaifu bila wao kujua.

5. Saratani. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba kula nyama nyekundu huenda kunaongeza saratani ya utumbo mpana.

Tena mwenye kutaka nyama kila siku hushawishika kula hata mzoga. Ndugu zangu, mnyama aliyekufa mwenyewe anaweza kuwa na kimeta. Kimeta huua. Na nyama isiyoiva huleta minyoo ya tegu.

MBUZI YULE ALILIWA NA NANI?

Siku chache baadaye nilikwenda nyumbani kwa mzee kumjulia hali. Niliuliza wajukuu walikula nini siku zile nne. Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nyama ilikuwa dawa ya babu yao. Watoto walikula ugali kwa chumvi."

Niliomba kadi ya kliniki ya mjukuu mdogo. Mstari wa uzito ulikuwa haujapanda kwa miezi miwili. Mtoto ana umri wa mwaka mmoja na nusu. Nyumba ni moja, jiko ni moja. Mkubwa alianguka kwa nyama tupu, na mdogo alikonda kwa ugali mtupu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ninalotaka kuwaambia leo. Tumekaa tunabishana kama nyama ni nzuri au ugali ni mbaya. Adui yetu ni neno "tupu". Nyama ni chakula kizuri sana. Hujenga mwili na kuongeza damu. Ugali ni chakula kizuri. Hutia nguvu ya kulima. Mboga za majani na matunda hulinda mwili. Kila kimoja kikikaa peke yake huleta ugonjwa. Wazazi wetu walijifunza hayo mwaka 1975 katika kampeni ya Chakula ni Uhai, wakikaa kwa vikundi na kusikiliza redio. Somo lile halijazeeka.

Na tukiwa na nyama kidogo, apewe nani kwanza? Mila nyingi zinasema baba. Mimi ni kijana, na sipendi kuwavunjia heshima wazee. Lakini kazi yangu ni kupima watoto, na mizani haina aibu. Kipande kidogo cha nyama au ini, kikipondwa na kuchanganywa na chakula cha mtoto aliyepita miezi sita, kina faida kubwa kuliko kipande cha kumi katika sahani ya baba. Mama mjamzito naye anahitaji damu. Nyama isipopatikana, maharage, dagaa, mayai na karanga hufanya kazi ya kujenga mwili.

MGONJWA WA KISUKARI AFANYE NINI?

Apunguze wanga, asiukate ghafla. Ugali wa ukubwa wa ngumi yake mwenyewe unatosha kwa mlo mmoja, tena unga wa dona. Aongeze mboga za majani na maharage. Nyama ale kiasi. Sukari na soda aache. Mwenye ugonjwa wa figo afuate mafundisho yake ya hospitali.

Asibadili chakula bila kumwambia anayempa dawa. Wala asiache dawa kwa siri. Akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, apewe mara moja maji yenye sukari, kisha apelekwe kwenye matibabu. Akiwa amezimia, asimiminiwe kitu mdomoni. Akimbizwe hospitali.

Na sisi tunaotoa dawa tujirekebishe. Mimi nimeanza. Siku hizi kabla sijamwambia mgonjwa neno juu ya chakula, namwuliza: "Jana ulikula nini? Kiasi gani? Nani anapika? Na watoto walikula nini?" Foleni inakuwa ndefu, watu wananung'unika. Lakini sitaki tena mama aniambie, "Wewe ndiye uliyemwambia."

Yule mzee yuko salama. Hospitali walibadili vidonge vyake. Juzi alikuja kupimwa, na sukari yake ilikuwa nzuri. Nilimwuliza jana alikula nini. Akakunja ngumi akanionyesha, "Ugali hivi. Mchicha. Maharage. Nyama vipande viwili."

"Na mjukuu?"

Akacheka. "Yeye vitatu, daktari. Amenishinda."

Ndugu msomaji, leo jioni ukikaa kula, tazama sahani yako. Kisha tazama sahani ya mtoto. Ukiona moja ina kitu tupu, chukua kutoka nyingine.