Wenye Barabara Wawe na Sauti: Ilani ya Mageuzi ya Mbio za Magari za Dunia

Mbio za magari za dunia, zinazojulikana kwa herufi tatu za WRC, hazikimbiwi uwanjani. Zinapita kwenye barabara ya kijiji, kwenye njia ya ranchi ya ng'ombe, pembeni mwa hifadhi, mbele ya mlango wa mtu. Mwaka mzima njia hiyo ni ya watoto wa shule, bodaboda na magari ya maziwa. Kwa siku chache inafungwa, helikopta inapita juu kuhakikisha wanyama hawako karibu, na dunia nzima inatazama. Kisha mahema yanakunjwa na barabara inarudishwa kwa wenyewe jinsi ilivyo, mashimo na yote.

Kwa hiyo dai letu ni moja, na mengine yote yanatokana nalo: anayetoa barabara awe na sauti katika sheria na hesabu za mbio zinazopita juu yake. Leo hana.

Tunaotoa ilani hii ni mashabiki, mafundi, madereva wa mashindano ya nyumbani, waelekezi wanaokaa kando ya dereva na kumsomea njia, wasimamizi wa mikondo (vipande vya barabara vinavyokimbiwa kwa saa) wanaosimama juani kutwa bila ujira, na wakazi wa maeneo ambako mikondo hiyo hupita. Wengi wetu tumelelewa na Safari Rally, mbio za Kenya. Hatuundi shirikisho la kushindana na FIA, shirikisho la kimataifa la magari linalosimamia mbio hizi, wala hatutaki WRC iondoke kwetu. Tunazipenda mbio hizi, na ndiyo sababu hatuwezi kunyamaza zikiendeshwa kwa ajili ya wachache.

Tuanze na tunachokijua vizuri. Safari ilianza mwaka 1953, njia yake ikikata Kenya, Uganda na Tanganyika. WRC ilipoundwa mwaka 1973, Safari ilikuwa kwenye kalenda ya msimu ule wa kwanza, na aliyeshinda alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ndani ya Datsun 240Z. Akashinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Kabla yake, mwaka 1965, Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya, aliibuka mshindi akiwa na nduguye Jaswant ndani ya Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumika mbioni. Tafakari jambo hilo. Fundi wa hapa, gari la mtumba, mbele ya timu za viwanda kutoka Ulaya. Na halikuwa jambo la bahati, maana Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer.

Mwaka 1994 Ian Duncan alishinda kwa Toyota. Tangu hapo hakuna Mkenya mwingine aliyeshinda Safari ikiwa raundi ya WRC. Watu husema vijana wa siku hizi hawana moyo. Tunalikataa neno hilo. Ulipo mkondo wa Safari wa Kedong, vumbi la fesh-fesh ni laini kama unga uliochekechwa, linajaa kwenye mifereji ya matairi likaficha mawe, na gari likiingia humo upande mmoja hulala. Vijana wetu wanaijua ardhi ile tangu utotoni. Wanajua wapi pa kukanyaga na wapi pa kuachia. Lakini wako kwenye magari ya daraja la Rally2 au Rally3, na mbele yao yako magari ya daraja la juu kabisa, Rally1, ambayo mtu wa kawaida hawezi hata kuyanunua, kwa sababu yanatengenezwa na kuendeshwa na timu tatu tu: Toyota, Hyundai na M-Sport yenye magari ya Ford. Mwaka 2022 Toyota ilizoa nafasi nne za kwanza za Safari huko Naivasha. Mwaka 2023 ikazizoa tena zote nne. Hatuwaonei kijicho, walifanya kazi nzuri. Tunachosema ni kwamba mashindano ya dunia yenye timu tatu za juu ni mashindano yanayoweza kufa asubuhi moja, siku bodi ya kiwanda kimoja ikiamua kufunga daftari.

FIA imeliona hilo. Kanuni za mwaka 2027 zinaweka kikomo cha bei ya gari kuwa euro 345,000, zinaruhusu gari lijengwe juu ya fremu ya mabomba ya chuma, na zinafungua mlango kwa watengenezaji wasio viwanda vikubwa. Tunaziunga mkono kanuni hizo kwa moyo wote. Lakini euro 345,000 ni zaidi ya shilingi milioni 50 za Kenya, kabla hujanunua matairi ya akiba, kabla hujalipia meli, kabla hujamlipa mwelekezi wako. Mlango umefunguliwa, ila kizingiti bado kiko juu ya kichwa cha mtu. Fremu ya mabomba ni kitu ambacho fundi hodari mwenye mashine nzuri ya kuchomelea anaweza kukijifunza na kukikarabati. Basi FIA iwafundishe na kuwaidhinisha mafundi katika kila nchi inayoandaa raundi, ili gari liweze kujengwa na kutengenezwa Nairobi, Asunción au Athens, na vipuri visivyogusa usalama viruhusiwe kununuliwa popote. Kijana anayetafuta bushi na bolti Kirinyaga Road ya Nairobi asilazimike kungoja kasha kutoka Ulaya.

Tunataka pia mpango wa kuwainua vijana uwe wa miaka mingi, usiwe wa msimu na picha. Mwaka 2022 McRae Kimathi alitoka Kenya akaenda kuendesha Ford Fiesta Rally3 kwenye theluji ya Rally Sweden, nchi ambayo madereva wake hujifunza barafu tangu wakiwa wadogo. Alikwenda na akaendesha. Vijana wa namna hiyo wapo Kampala, wapo Arusha, wapo Lusaka. Sehemu ya mapato ya kila raundi itengwe kwa ajili yao, isimamiwe na watu wasiogombea vyeo.

Sheria nazo zimegeuzwa mara nyingi mno. Mwaka 2022 magari ya juu yalilazimishwa kubeba mfumo wa umeme pamoja na injini ya petroli. Timu zikagharimika, mafundi wakafundishwa upya, wakaambiwa huo ndio mwelekeo wa kesho. Mwaka 2025 mfumo ukaondolewa. Alama nazo: mwaka 2024 zilipangwa kwa namna ambayo Esapekka Lappi alishinda Rally Sweden akaondoka na alama chache kuliko Elfyn Evans aliyemaliza wa pili. Mtoto anayetazama nyumbani anamuuliza baba yake nani ameshinda, na baba hana jibu la moja kwa moja. Mpango huo ulidumu msimu mmoja, ukabadilishwa. Tunadai kwamba kanuni kubwa ya magari au ya alama isibadilishwe kabla ya miaka mitano, isipokuwa kwa sababu ya usalama, na kabla ya kubadilishwa isomwe hadharani, kisha madereva, waandaaji na mashabiki watoe maoni yaliyoandikwa na kujibiwa.

Kuna jambo lililotokea hapa kwetu ambalo halipaswi kusahauliwa. Februari 2025 dereva Adrien Fourmaux alitozwa faini ya euro 10,000, na nyingine 20,000 zikawekwa kiporo, kwa sababu ya neno moja zito alilolitamka mwishoni mwa mkondo huko Sweden. Hakumtukana mtu, alikuwa anasema juu ya kosa la upande wake mwenyewe. Mwezi uliofuata magari yalikuja Naivasha. Gari linasimama mwisho wa mkondo, dereva bado amevaa helmeti, jasho na vumbi vimeganda usoni, mpasha habari anaingiza kipaza sauti dirishani. Wengine hawakusema chochote. Wengine walijibu kwa lugha za kwao. Madereva walikuwa wameungana, na kwa kuwa mezani hawakusikilizwa, walitumia silaha pekee waliyokuwa nayo, yaani ukimya. Mei mwaka huohuo FIA ilipunguza kiwango cha faini na kukubali kwamba maneno ya mwanamichezo aliyetoka tu kwenye mkondo hayafanani na maneno ya mkutano wa waandishi wa habari. Mapambano yale yalitufundisha kuwa FIA hubadilika ikisukumwa na watu wenye umoja. Madereva wapewe viti vyenye kura ndani ya tume ya mbio za magari ya FIA, na waelekezi pia, maana mwelekezi hufa katika ajali ileile inayomuua dereva.

Na kubwa kuliko yote ni utawala wenyewe. Desemba 2025 Mohammed Ben Sulayem alichaguliwa tena kuwa rais wa FIA bila mpinzani. Si kwamba hapakuwa na waliotaka kugombea. Sheria inamtaka mgombea aje na orodha ya makamu wa rais kutoka kila kanda, wachaguliwe miongoni mwa majina yaliyokwisha kupitishwa kuingia Baraza la Dunia la Michezo ya Magari. Kanda ya Amerika Kusini ilikuwa na jina moja tu, na mwenye jina hilo alikuwa upande wa rais aliyeko madarakani. Hapo mlango ukafungwa. Hatusemi sheria ilivunjwa. Tunasema sheria yenyewe ni mbovu na iondolewe. Ben Sulayem mwenyewe ni mtu wa mbio hizi, bingwa wa Mashariki ya Kati mara 14, na Shekhar Mehta wetu aliwahi kuongoza tume ya mbio za magari ya FIA. Kwa hiyo kumweka mtu wa barabarani mezani si ndoto. Kinachokosekana ni utaratibu unaomfikisha huko bila kutegemea hisani ya mkubwa.

Upande wa fedha hatutauma maneno. Haki za biashara za WRC zimekuwa chini ya WRC Promoter ya Munich tangu mwaka 2013. Nchi mwenyeji hulipa ili kuandaa, hutoa polisi, madaktari na barabara, na mara nyingi fedha hizo ni za umma. Kampuni huuza picha, majina ya wadhamini na matangazo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tunataka tuonyeshwe mwenyeji amepona nini. Mkataba wa kila raundi unaolipiwa kwa kodi utangazwe wote: ada, muda, haki za matangazo, nani analipia uharibifu wa njia na mashamba. Mikondo yote ya nchi mwenyeji ionekane bure kwenye televisheni ya taifa hilo. Mama muuza mihogo wa Naivasha ambaye barabara yake imefungwa asiambiwe alipie kila mwezi ili aone kilichopita mbele ya kibanda chake. Na wakazi wa Kedong, Soysambu na kwingineko mikondo inakopita wakae kwenye kamati ya njia wakati ramani bado inachorwa, siyo kuletewa ramani iliyokwisha kupigwa muhuri.

Tunalisema hili tukikumbuka mwaka 2002. Colin McRae alishinda Safari mwaka huo, kisha Safari ikatolewa kwenye kalenda ya dunia, na haikurudi hadi Juni 2021. Miaka ile yote mashindano ya Afrika yaliendelea mbali na kamera za WRC, na kizazi kizima cha madereva wetu kikazeeka pasipo kupimwa na walio bora duniani. Raundi inayoweza kuchomolewa kwa barua moja haijengi kitu. Afrika iwe na angalau raundi mbili, kwa mikataba isiyopungua miaka kumi, yenye masharti yanayofunga pande zote mbili.

Tunataka pia kila mbio zibaki na sura yake. Safari ya zamani ilizidi kilomita 5,000. Zile za tangu 2021 zimekuwa na mikondo isiyofikia jumla ya kilomita 400, ikizunguka eneo moja na kurudiwa mchana, kwa kuwa ratiba ya televisheni inataka hivyo. Hatuombi kurudi kwenye enzi ya hatari. Tunakumbuka mwaka 1986, watazamaji waliouawa Ureno, na Henri Toivonen na Sergio Cresto walioteketea Corsica. Usalama haujadiliwi. Lakini waandaaji waruhusiwe kuongeza urefu, kupita zaidi ya kaunti moja, hata kuvuka mpaka kwenda Tanzania au Uganda kama zamani, na ushindi wa raundi ngumu na ndefu ulipwe alama zaidi.

Sisi wenyewe tunajifunga kwa haya. Hatutapokea fedha kutoka kiwanda chochote cha magari, kampuni ya kamari wala mwanasiasa. Hesabu zetu zitakuwa wazi kwa kila mwanachama. Hatutazuia mkondo kwa kukaa barabarani, kwa sababu gari la kilomita 150 kwa saa halina breki za kutosha kwa mtu aliyesimama kwenye kona. Tutasema, tutaandika, tutahudhuria kila mkutano unaoruhusiwa na umma, na tutadai kuruhusiwa kwenye ile isiyoruhusiwa.

Wewe unayesoma hapa unaweza kuanza leo. Klabu ya magari au shirikisho la mbio za magari la nchi yako ni mwanachama wa FIA na lina kura. Wengi hatujawahi kuliuliza lilipigaje. Nenda ofisini kwao, au waandikie barua, uwaulize mambo matatu: lilimpigia nani kura, lilisema nini kuhusu kanuni za 2027, na mkataba wa mbio za nchi yako unasemaje. Ukipata majibu tuletee. Ukinyimwa, tuletee jina la ofisi iliyokunyima, twende tukaulize pamoja.