Picha ya Retina Bila Majibu ya Siku Hiyohiyo ni Nusu ya Huduma

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hii tumeizoea darasani tunapojifunza sentensi za masharti. Leo, wanafunzi wangu wapendwa, naomba tuitumie kulitafakari jambo linalohusu uraia wetu: mgonjwa wa kisukari anapaswa kupigwa picha ya retina angalau mara moja kwa mwaka, na kuelezwa matokeo yake kabla hajaondoka kliniki.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Mboni ni ule mduara mweusi ulio katikati ya jicho, nao ndio mlango wa nuru. Retina ni utando mwembamba uliotandazwa nyuma kabisa, ndani ya jicho. Huko nuru hupokewa na kugeuzwa kuwa ishara zinazopelekwa kwenye ubongo. Retina ina sifa ya pekee: daktari anaweza kuitazama mishipa midogo ya damu ya mtu aliye hai bila kumpasua. Mwaka 1886, Jackman na Webster walipopiga picha ya retina ya mtu nchini Uingereza, mhusika alilazimika kutulia kwa dakika mbili na nusu. Siku hizi mmweko mmoja wa kamera unatosha, na mwuguzi au fundi aliyefunzwa anaweza kuifanya kazi hiyo.

Kwa nini kisukari? Kwa sababu sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, hudhoofisha kuta za mishipa hiyo midogo. Huanza kwa kutokea vivimbe vidogo sana, kisha damu na majimaji huvuja, na hatimaye huota mishipa mipya iliyo dhaifu, ambayo inaweza kupasuka na kuujaza ukumbi wa jicho damu. Balaa la ugonjwa huu ni ukimya wake. Hauumi, hauwashi, wala hauondoi uwezo wa kuona katika hatua za mwanzo. Mgonjwa anaposema, “Naona giza,” mara nyingi ufa umekwisha kuwa shimo. Tiba zipo, zikiwemo miale ya leza na sindano za dawa ndani ya jicho, lakini kwa kawaida hufanikiwa zaidi kuulinda uoni uliobaki kuliko kuurudisha uliopotea.

Manufaa ya kuwahi yamekwisha kuonekana. Huko England na Wales, takwimu za mwaka 2009 hadi 2010 zilionyesha kwamba, kwa mara ya kwanza katika takribani nusu karne, maradhi ya retina yatokanayo na kisukari hayakuwa tena chanzo kikuu cha upofu uliosajiliwa miongoni mwa watu wa umri wa kufanya kazi. Watafiti walitaja mpango wa kitaifa wa kuwapima wagonjwa, pamoja na udhibiti bora wa sukari, kuwa miongoni mwa sababu zinazoweza kuyaeleza mabadiliko hayo.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Hapa Rwanda ulifanyika utafiti ulioongozwa na Dkt. Wanjiku Mathenge, ukachapishwa mwaka 2022. Wagonjwa wa kisukari 275 ambao picha zao zilionyesha kwamba walihitaji kumwona mtaalamu waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa majibu papo hapo, yaliyosomwa na akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde. Kundi la pili lilisubiri majibu yaliyosomwa na binadamu, yakaletwa baadaye. Katika kundi la kwanza, asilimia 51.5 walifika kwa mtaalamu. Katika la pili, asilimia 39.6.

Takwimu hizi zinatufunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba majibu yanayochelewa huwapoteza wagonjwa. Mtu aliyeacha shamba lake na kulipa nauli akirudishwa nyumbani bila jibu, huenda asirudi tena. La pili ni chungu zaidi: hata miongoni mwa waliojibiwa papo hapo, karibu nusu hawakufika. Kamera haipunguzi umbali wa hospitali, hailipi nauli, wala haiondoi hofu ya sindano ya jicho. Kwa hiyo kununua mashine na kupiga makofi hakutoshi. Anayeambiwa kwamba retina yake ina dosari aondoke na miadi yenye tarehe, jina la hospitali, na maelezo ya kile ambacho bima yake italipia.

Wapo watakaosema kwamba mashine haiaminiki. Hoja yao ina uzito. Mashine hukosea, na mtoto wa jicho huweza kuifanya picha iwe na ukungu. Lakini dawa ya kasoro hiyo ni kanuni, si kuikataa picha: picha isiyosomeka isihesabiwe kuwa jicho zima, bali mgonjwa apelekwe kwa mtaalamu, na daktari azikague mara kwa mara kazi za mashine. Kumwacha mgonjwa bila kipimo chochote ni kosa kubwa kuliko hilo, kwa kuwa kosa hilo halina hata wa kulisahihisha.

Raia tunafanyaje basi? Umuganda hufanyika Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na baada ya kazi huwa kuna mkutano. Hapo ndipo pa kuuliza: je, kliniki yetu ya kisukari ina kamera ya retina? Majibu hutolewa lini? Anayehitaji leza hupelekwa wapi? Wilaya zetu hutia saini imihigo kila mwaka. Tuombe idadi ya wagonjwa waliopigwa picha iandikwe humo, sambamba na idadi ya waliofikia tiba. Hesabu ya kwanza bila ya pili itatudanganya.

Nanyi wanafunzi mna kazi yenu. Mkishaisoma makala hii kwa Kiswahili, waelezeni wazazi, babu na bibi zenu kwa Kinyarwanda. Kama nyumbani yumo mwenye kisukari, mwulizeni kwa adabu ni lini macho yake yalipigwa picha mara ya mwisho. Akijibu kwamba hakumbuki, msindikizeni kliniki siku ya miadi yake ijayo.